Kitimoto tumekikataa sahanini, je brashi ya kunyolea?

  

Ndugu zangu Waislamu, mada yangu wiki hii huenda ikawafanya baadhi yenu mcheke. Nataka kuzungumzia brashi ya kunyolea. Ile yenye mpini wa mbao au plastiki, ambayo kinyozi huichovya kwenye maji, akaisugua juu ya sabuni, kisha akakupaka povu kabla hajashika wembe. Msicheke kwanza. Kwa ajili ya brashi hiyo, mtaani kwetu nusura watu wavunjiane heshima, tena hatua chache tu kutoka mlango wa msikiti.

Yupo mzee wetu mmoja kinyozi. Sitamtaja jina. Amenyolea kwenye kibaraza kile kile kwa miaka mingi. Amewanyoa mabwana harusi, amewanyoa wanaojiandaa kwenda Hija, na watoto wetu wengi nywele zao za siku ya saba zimeanguka mikononi mwake. Adhana ikilia anafunika kiti chake kwa kitambaa, anaelekea msikitini.

Ijumaa moja, baada ya swala, walimjia vijana watatu. Mmoja akaishika brashi, akasoma maandishi yaliyo kwenye mpini, akasema kwa sauti mbele ya wateja: "Mzee, unatupaka nguruwe usoni!" Basi. Neno likapita mtaa mzima. Kufika Alasiri kibaraza kilikuwa kitupu, na mzee amekaa peke yake, taulo begani.

Usiku baada ya Isha alinijia nyumbani, brashi ameifunga kwenye gazeti. Kiingereza hajui. Brashi aliinunua dukani, akaambiwa ni brashi imara ya Ulaya, itadumu. Akanionesha, nikasoma. Kijana hakusema uongo. Maandishi yalieleza wazi kwamba nywele zile ni za nguruwe. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, swala zangu za miaka yote hii zimekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nguruwe huyu ametoka wapi?

Tuanze na kuijua bidhaa yenyewe. Brashi za asili za kunyolea duniani hutengenezwa kwa nywele za wanyama, na tatu ndizo maarufu zaidi: za nguruwe, za mnyama wa Ulaya na Asia aitwaye badger, ambaye kwa umbo anamkaribia nyegere wetu, na za farasi. Za nguruwe ndizo rahisi kwa bei. Nywele zake ni ngumu, na ncha zake hupasuka zikawa kama nyuzi ndogo ndogo, ndiyo maana zinashika povu vizuri. Jambo jingine, nywele hizo hunywa maji. Mtumiaji hushauriwa kuiloweka brashi kwanza ili ilainike. Likumbuke hilo la maji, tutalirudia.

Italia na Ureno zina viwanda vyenye jina kubwa kwa brashi za aina hii. Nywele zenyewe kwa muda mrefu zimekuwa biashara kubwa ya China, kiasi kwamba jina la mji wa Chongqing, kwa tahajia yake ya zamani ya Chungking, limekuwa likichapwa kwenye brashi za rangi kama sifa ya ubora. Hata miswaki ya dukani, kabla ya mwaka 1938, ilikuwa ya nywele za nguruwe. Mwaka huo ndipo mswaki wa nailoni ulipoingia sokoni Marekani, na leo ulimwengu mzima unapiga mswaki kwa nailoni bila kukumbuka kilichokuwapo kabla.

Kwa hiyo brashi ya mzee wetu si hila ya mtu dhidi ya Waislamu. Ni bidhaa ya watu ambao kwao nguruwe ni mnyama kama wengine, nao wameandika wazi kwenye mpini. Tatizo liko kwetu: tunanunua bila kusoma, na tunauza bila kuuliza.

Sheria inasemaje?

Allah (SW) ameitaja nyama ya nguruwe kuwa ni haramu katika sehemu nne ndani ya Qur'an: Surat al-Baqara aya ya 173, al-Maida aya ya 3, al-An'aam aya ya 145 na an-Nahl aya ya 115. Katika hiyo ya al-An'aam imetajwa na sababu, kwamba huo ni uchafu. Ama nywele, hazikutajwa kwa jina. Hapo ndipo wanazuoni walipotofautiana, na ni vizuri msomaji aijue tofauti hiyo ili asije akamtoa mwenzake katika dini kwa jambo ambalo maimamu walikhitilafiana.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii ya Afrika Mashariki, nguruwe ni najisi mwili mzima, hai au mfu, na nywele zake ni najisi. Tena ni katika najisi nzito. Amefananishwa na mbwa, kwa hiyo kilichoguswa naye kwa unyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu hayo, ameeleza katika kitabu chake al-Majmuu kwamba kwa upande wa dalili lenye nguvu ni kutosheka na kuosha mara moja, kwa sababu hadithi ya mara saba imekuja kwa mbwa.

Imam Malik na wafuasi wake wao wanaona nywele za nguruwe ni tohara. Ibn Taymiyya naye alikwenda njia ya kuwa nywele za wanyama wote ni tohara. Wanazuoni wa Kihanafi wanaona nguruwe ni najisi, lakini wapo kati yao waliowaruhusu washona viatu wa zama zile kutumia singa zake kupitishia uzi kwenye ngozi, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kuwafaa.

Ndugu Muislamu, izingatie sababu hiyo ya mwisho. Ruhusa ilijengwa juu ya haja. Fundi hana kitu kingine, ndipo akaruhusiwa. Sasa jiulize: sisi tunaotaka kupakwa povu la sabuni, haja yetu ni ipi? Brashi za nailoni zimejaa madukani. Mkono unaweza kupaka sabuni. Na vinyozi wengi wananyoa kwa mashine bila povu lolote. Hakuna haja, achilia mbali dharura.

Kisha turudi kwenye yale maji. Wanazuoni wetu wanafundisha kwamba kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Brashi ya nguruwe ya kusugulia koti kavu, ukiigusa kwa mkono mkavu, haikunajisi. Lakini brashi ya kunyolea haifanyi kazi ikiwa kavu. Imelowekwa, imenywa maji, imesuguliwa kwenye sabuni, na povu lake linapakwa shavuni, shingoni, na pengine utosini mwa mtoto wa siku saba anayefanyiwa aqiqa. Kwa anayefuata madhehebu ya Shafii, hapo najisi imehama bila ubishi.

Atatokea wa kusema: "Muislamu ananyolewa nini usoni hata ahitaji povu?" Suala la ndevu linahitaji makala yake, na Mtume (SAW) alituamrisha kuzifuga. Lakini kinyozi ananyoa kichwa, ananyoa shingo, anasafisha nywele zilizopanda mashavuni. Povu linafika usoni mwa mwenye ndevu pia.

Tusiwe watu wa wasiwasi

Hapa nataka tusimame, kwa sababu najua wapo watakaosoma mpaka hapa wakaanza kuchoma kila brashi iliyomo nyumbani.

Kitabu cha Fat'hul Muin cha Sheikh Zainuddin al-Malibari kimesomeshwa katika madrasa zetu za pwani vizazi na vizazi. Humo mwandishi ameleta mas'ala yanayofanana sana na haya. Ilivuma katika zama zao kwamba kitambaa fulani kinatengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na kwamba jibini ya Sham inagandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa nguruwe. Wanazuoni walihukumu nini? Walihukumu kwamba asili ya kitu ni tohara mpaka ithibiti kinyume chake, na uvumi peke yake hauondoi asili hiyo. Akataja kuwa Mtume (SAW) aliletewa jibini kutoka kwa watu hao, akala wala hakuhoji.

Huu ndio mzani wetu. Yakini haiondolewi na shaka. Brashi usiyoijua asili yake, huna haki ya kuiita nguruwe kwa sababu tu nywele zake ni ngumu au imetoka Ulaya. Lakini mzani huo huo una upande wa pili. Brashi iliyoandikwa na mtengenezaji wake kwamba ni ya nguruwe haina shaka tena, na asiyetaka kusoma maandishi ili asijue, huyo hajifichi isipokuwa na nafsi yake. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na kati yake yapo yenye kutatiza. Mwenye kujiepusha nayo ameihifadhi dini yake na heshima yake.

Namna ya kuchagua

Sasa tuje kwenye vitendo. Unapokwenda kununua brashi ya kunyolea, fanya haya.

Kwanza, soma mpini na boksi. Ukikuta neno "boar" au "hog", huyo ni nguruwe. Maneno "pure bristle" au "natural bristle" kwenye brashi za kunyolea na za rangi kwa kawaida ni yeye huyo huyo. Brashi ya Italia huandikwa "setola". Ukikuta "synthetic" au "nylon", hiyo ni ya kiwandani, haina mnyama ndani yake. Ila usikurupuke: neno "bristle" peke yake laweza kuwa na maana ya nywele za brashi tu, hata za nailoni, kama inavyoandikwa kwenye miswaki. Soma sentensi nzima.

Pili, usidhani kwamba ukikimbia nguruwe basi chochote kingine ni salama. Brashi za badger zinasifiwa kwa ulaini na bei yake ni kubwa. Lakini kwa msingi wa Kishafii, nywele za mnyama asiyeliwa zikishaachana na mwili wake hazina hukumu ya tohara, na badger ni mnyama wa meno makali. Farasi ni jambo jingine. Kwa Shafii farasi analiwa, na nywele zilizokatwa akiwa hai ni tohara. Ukipata brashi ya farasi hukupata dhambi.

Tatu, kama huna maandishi na moyo haujatulia, chomoa unywele mmoja uuchome. Wa mnyama utatoa harufu ya nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika vidoleni. Wa nailoni utayeyuka na kuganda kama kitone cha plastiki. Jaribio hili halikuambii ni mnyama gani, ila linakutenganishia mnyama na kiwanda. Hilo latosha kwa anayetaka kuchagua.

Nne, iliyo salama kuliko zote ni ya nailoni. Inakauka haraka, hailowekwi, na huna haja ya kumuuliza mtu. Na hata kiafya tuna somo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, watu kadhaa Uingereza na Marekani, wakiwemo askari, waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa kwa dawa. Kwa hiyo hata aliye tohara anahitaji usafi, na brashi moja kupita nyuso ishirini kwa siku bila kuoshwa ni jambo la kumuuliza kinyozi, awe Muislamu au asiwe.

Jikoni je?

Wakati tunamnyooshea kidole kinyozi, tutazame na jikoni. Ni wangapi wetu tumeona muuza chapati au mwoka mikate anapaka mafuta kwa brashi aliyoinunua duka la vifaa vya ujenzi, brashi ya kupakia rangi? Brashi ile nayo yaweza kuwa na yale yale maandishi ya "pure bristle". Povu la kinyozi linaoshwa, lakini mafuta ya chapati yanaingia tumboni.

Wenzetu wa Malaysia walishalifanyia kazi hili. Sheria za biashara za huko zinataka bidhaa yenye sehemu ya nguruwe au mbwa itambulishwe, na mwezi Februari 2017 maofisa wa serikali walipita madukani na kukamata brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa na nywele za nguruwe bila kuandikwa hivyo. Waislamu wa huko hawakuzuia asiye Muislamu kununua anachotaka. Walichodai ni kujua wanachonunua.

Na nyinyi wafanyabiashara Waislamu wa Kariakoo, mnaokwenda Guangzhou na kurudi na makontena, hili linawahusu kuliko kinyozi. Katika hadithi ya Jabir (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alitangaza katika mwaka wa kufunguliwa Makka kuwa Allah na Mtume wake wameharamisha kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Maswahaba wakauliza kuhusu mafuta ya mzoga, kwani watu huyatumia kupaka vyombo vya baharini, kulainisha ngozi na kuwashia taa. Akakataa. Tazama, hawakuuliza kuhusu kula, waliuliza kuhusu matumizi ya kazi. Unapoagiza brashi, sema unataka za nailoni. Ni maneno mawili tu.

Neno kwa vijana

Vijana wetu wana ghera ya dini, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hebu tukumbuke kisa cha bedui aliyeingia katika msikiti wa Mtume (SAW) mjini Madina akakojoa humo humo ndani. Maswahaba wakamkemea. Mtume (SAW) akawaambia wamwache amalize, kisha akaamuru imwagwe ndoo ya maji mahali pale, na akawafundisha kwamba wametumwa kuwa wepesishaji, si wenye kutia watu uzito.

Pale najisi ilikuwa na yakini, ilikuwa ndani ya msikiti, na mwenye kosa alikuwa mbele yao. Bado hakufedheheshwa. Sasa mzee asiyesoma Kiingereza, aliyedanganywa na ujinga wa muuzaji, ndiye wa kupigiwa kelele mbele ya wateja? Mngemvuta pembeni mkamwambia, "Baba, brashi hii ina tatizo, tumekuletea nyingine," najisi ingeondoka na riziki yake ingebaki. Mmeiondoa najisi kibarazani mkamwachia mzee fedheha.

Jibu kwa mzee

Ama swala zako, mzee wangu, usiku ule nilikujibu kwa ufupi, na leo nakujibu mbele ya watu kama ulivyosutwa mbele ya watu.

Brashi zako za nyuma zilizokwishakutupwa hujui zilikuwa za nini. Hizo huna juu yake hisabu, kwa sababu asili ni tohara. Iliyobaki ni hii moja uliyoijua sasa. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba aliyeswali na najisi bila kujua, akaja kujua, arudie swala ambazo ana yakini kuwa aliziswali nayo. Lakini kauli ya zamani ya Imam Shafii mwenyewe, na ndiyo kauli ya wanazuoni wengi, ni kwamba harudii. Dalili yao ni hadithi ya Abu Said al-Khudri (RA), kwamba Mtume (SAW) alivua viatu vyake katikati ya swala baada ya Jibril (AS) kumjulisha kuwa vina uchafu, akaendelea na swala yake wala hakuianza upya. Ukitaka kurudia zile ulizo na yakini nazo kwa ajili ya utulivu wa moyo wako, rudia. Ama kusema swala za miaka yote zimepotea, hapana. Mola wako si mwenye kukuvizia. Osha mikono yako, osha bakuli lako la sabuni na kiti chako, na kwa tahadhari ya madhehebu osha mara saba, moja kwa udongo. Kisha uendelee na kazi yako.

Brashi ile imeshafukiwa. Kijana yule yule aliyepaza sauti alikuja siku kumi baadaye na brashi mpya ya nailoni, akamwomba radhi mzee, akakaa kwenye kiti anyolewe. Allah amlipe kheri. Lakini wateja wengine mpaka leo hawajarudi. Wanapita mbele ya kibaraza wanatoa salamu, wanakwenda kunyoa kwingine, ambako hakuna hata mmoja wao aliyeuliza brashi ya huko imetengenezwa na nini.

Ndugu zangu, Ijumaa hii mkitaka kunyoa, mnajua pa kwenda.

Wabillahi tawfiq.